Sifuri ya Idwal

Huku hakuna masika, hakuna vuli.
Kuna mvua, na kuna saa chache
mvua inapokwenda kujaza ndoo zake nyuma ya mlima.

Mtaa unaitwa Tai Isaf. Usitafute ndege:
kwa Kiwelisi tai ni nyumba, basi,
nyumba za chini, kumi na sita, ukuta mmoja mrefu
uliolipa jua mgongo.
Mwenye machimbo, zamani hizo, hakutaka
kuona nguo za wachimbaji zikianikwa mbele ya dirisha lake.
Akaamuru milango itazame mlima.
Amekufa, dirisha limekufa,
nguo zetu bado zinakauka kwa kubahatisha.
Paa ni za mawe yaleyale waliyoyapasua kwa patasi,
membamba kama kurasa,
na mvua huyasoma usiku kucha kwa sauti.

Saa tatu asubuhi Idwal wa namba tisa
alivaa koti juu ya nguo za kulalia,
akaenda bustanini penye kopo la shaba,
akamimina maji kwenye bilauri ya mistari,
akakodoa jicho moja, akaandika.
Miaka arobaini na mitatu.
Milimita, kisha maneno mawili matatu:

12.4. Upepo wa magharibi. Kondoo wamejibanza ukutani.
0.2. Jalidi. Bomba la kanisa limepasuka.
31.0. Mto umefika kwa Gwenllian, ngazi ya tatu.
8.8. Machimbo yamefungwa. Wanaume wamekaa nje, hawaingii ndani.

Nane nukta nane si mvua ya kutisha,
lakini Beti wa namba kumi na mbili anaapa
koti la mumewe halijakauka mpaka leo.

Daftari nilipewa mimi, mgeni,
niliyehamia juzi tu (miaka kumi na mmoja,
huku hiyo ni juzi).
Ceinwen, bintiye, alilitoa sandukuni baada ya mazishi:
"Chukua. Wewe saa tatu huwa uko nyumbani."

Nilisoma usiku mzima
kama mtu asomaye barua zisizo zake.
Nikafika Juni, mwaka wa arusi ya Ceinwen.
0.0. Kweupe.

Kweupe!
Kila sebule ya Tai Isaf ina picha ya siku ile:
bibi arusi chini ya turubai la makaa,
mchungaji na hotuba iliyoyeyuka mkononi,
keki imefunikwa karai,
Meirion anacheza dansi na mabuti ya mpira,
maji yakimwagika kutoka kwenye tarumbeta.
Hata sebuleni kwa Idwal ipo, juu ya redio.
Na sifuri ile ameizungushia wino mara mbili,
kama mtu anayefunga mlango kisha akajaribu kitasa.

Nikaenda kwa Beti. Alicheka mpaka akatafuta kiti.
"Alifunika kopo kwa ndoo tangu usiku," akasema.
"Tulimwuliza: Idwal, umeingiwa na nini?
Akajibu: mvua ya leo sikuialika,
na sitaihesabu."

Ukurasa wa pili, kesho yake:
3.1. Nyumba imekuwa kubwa.

Namba nne ni tupu tena. Walioinunua, watu wa Liverpool,
walivumilia baridi mbili, wakaacha mapazia.
Kanisa sasa ni karakana ya seremala;
ukipita unasikia randa pale palipokuwa na zaburi.
Namba saba, jana usiku, taa haikuzimwa.

Leo saa tatu nimevaa koti juu ya nguo za kulalia.
Bilauri imesema kumi na tisa nukta sita.
Nimesimama kidogo na kalamu, maji yakinitiririka shingoni,
halafu nimeandika yote, bila kupunguza tone.
Na pembeni:
Mabli, namba saba, kilo tatu na robo.

Ndoo iko bandani, nyuma ya reki.
Nimeangalia. Haivuji.